Jumba la Muziki si Pambo: Hoja kutoka Leipzig

Jumba la muziki wa kiklasiki ni ukumbi uliojengwa kwa kazi moja: watu wengi wasikie vyombo na sauti za waimbaji bila kipaza sauti, na wasikie vizuri. Jumba la namna hiyo kwa kawaida lina okestra yake, ratiba ya msimu inayotangazwa mapema, na wasikilizaji wanaorudi mwaka hadi mwaka. Miji mingi ya Ulaya ilijipatia majumba hayo katika karne ya 19, na shutuma zinazoelekezwa kwayo leo zimekuwa zilezile. Husemwa kwamba ni pambo la matajiri, kwamba muziki unaopigwa humo ni wa watu waliokwisha kufa, kwamba redio na simu zimelinyang'anya jumba kazi yake, na kwamba fedha za umma zinazomiminwa humo zingewafaa zaidi wale wasiowahi kukanyaga mlangoni pake. Mtazamo huo umeenea kiasi kwamba hata watetezi wa majumba hayo huukubali nusunusu, kisha hujitetea kwa kutaja watalii na sifa ya mji. Utetezi huo ni dhaifu kuliko shutuma yenyewe. Jumba lisilo na sababu ya kuwepo ila watalii ni pambo kweli, na wanaolishutumu wana haki.

Afadhali shutuma hizo zipimwe kwa jumba moja lenye historia ndefu kuliko kwa majumba kumi yanayotajwa juujuu. Gewandhaus ya Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, inafaa kwa kipimo hicho. Imejengwa mara tatu katika sehemu tatu za mji. Imepita mikononi mwa wafanyabiashara, ikaishi chini ya utawala wa Kinazi, ikajengwa upya na dola ya kikomunisti, na leo ni ya manispaa ya mji wa kidemokrasia. Kila lawama inayotolewa dhidi ya majumba ya muziki imewahi kupata ushahidi humo, na kila moja imewahi kujibiwa humo humo.

Leipzig haukuwa mji wa kifalme. Kasri, opera na wanamuziki wa kulishwa na mtawala vilikuwa Dresden. Leipzig ulikuwa mji wa soko kubwa la msimu, chuo kikuu na wachapaji wa vitabu. Mwaka 1743 watu 16 wa mji huo, waungwana na wafanyabiashara, walichangishana fedha wakaajiri wanamuziki 16 na kuanzisha mfululizo wa maonyesho ulioitwa Großes Concert. Hawakujenga chochote. Walianzia katika nyumba za watu, kisha wakahamia kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni iliyoitwa Drei Schwanen. Johann Sebastian Bach alikuwa bado hai wakati huo, akifundisha na kuongoza kwaya katika kanisa la Mtakatifu Thomas, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Ilipita miaka 38 kabla ya muziki huo kupata mahali pake penyewe, na mahali penyewe palikuwa darini: mwaka 1781 orofa ya juu ya jengo la wauza vitambaa, yaani Gewandhaus, iligeuzwa na mjenzi Johann Carl Friedrich Dauthe kuwa ukumbi wa mbao wa kuchukua watu wapatao 500. Viti vilipangwa pande mbili vikitazamana, hata waliohudhuria wakawa wanaonana nyuso kama watu wa barazani, huku wanamuziki wakiwa upande mmoja wa chumba.

Mpangilio wa mambo hayo una uzito kuliko unavyoonekana. Wanamuziki walitangulia, wasikilizaji wakafuata, jengo likaja mwisho, tena jengo la kuazima, juu ya bohari ya nguo. Pambo huanza kwa jengo. Anayedai kwamba majumba ya muziki huzaliwa kwa kiu ya fahari anaweza kutoa mifano mingi ya karne ya 20 na ya 21, lakini hawezi kuueleza ukumbi huo wa darini, ambao ndio uliozaa zaidi kuliko karibu kumbi zote zilizofuata.

Nyumba njema si mlango, na darini hapo palikuwa na mengi ndani. Mozart alipiga piano humo Mei 1789. Konseto ya tano ya Beethoven ya piano ilisikika kwa mara ya kwanza hadharani humo Novemba 1811, mtunzi akiwa Vienna. Clara Wieck, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Clara Schumann, alipanda jukwaani humo mwaka 1828 akiwa na umri wa miaka 9. Felix Mendelssohn alipopewa uongozi wa okestra mwaka 1835 alikuwa na miaka 26, na katika miaka 12 iliyobaki ya maisha yake aliufanya mji wa wafanyabiashara kuwa mahali ambapo mtunzi yeyote wa Ulaya alitamani kusikika.

Hapo ndipo penye jibu la shutuma ya muziki wa wafu, na jibu lenyewe si lile linalotolewa kwa kawaida. Watetezi husema kazi kubwa hazizeeki. Usemi huo haumjibu mtu yeyote. Mgala muue na haki mpe: ni kweli kwamba mwishoni mwa karne ya 18 wasikilizaji wa Leipzig walisikia zaidi kazi za watunzi waliokuwa hai, na kwamba karne moja baadaye mambo yalikuwa yamepinduka. Tena aliyechangia mapinduzi hayo ni Mendelssohn mwenyewe, aliyeanzisha mwaka 1838 mfululizo wa maonyesho ya kihistoria uliowapanga Bach, Händel, Haydn, Mozart na wengine kwa zama zao. Swali la kuuliza ni kwa nini alifanya hivyo katika mji ambamo Bach aliishi na kufa. Alifanya hivyo kwa sababu mji ulikuwa umemwacha. Kazi kubwa za Bach hazikuwa zikipigwa. Kwa watu wengi lilikuwa jina la mwalimu wa zamani wa kwaya. Mwaka 1840 Mendelssohn alipiga kinanda cha kanisa la Mtakatifu Thomas ili kuchangisha fedha za mnara wa kumkumbuka, na mwaka uliofuata akaongoza humo Mateso ya Kristo kadiri ya Mathayo. Wengi wa waliohudhuria walikuwa wakiusikia muziki huo kwa mara ya kwanza.

Kisa cha Schubert kinaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Schubert alifariki Vienna mwaka 1828 akiacha simfoni kubwa ambayo haikuwa imewahi kupigwa hadharani. Robert Schumann aliikuta miongoni mwa karatasi zilizokuwa nyumbani kwa Ferdinand, kaka wa marehemu, akaipeleka Leipzig, na Machi 1839 Mendelssohn akaiongoza Gewandhaus. Mtunzi alikuwa kaburini zaidi ya miaka 10. Simfoni ilikuwa na umri wa siku moja. Mendelssohn alipojaribu kuipeleka London mwaka 1844, wapigaji wa okestra ya huko waliicheka mazoezini, ikabidi iondolewe kwenye ratiba. London ilikuwa na fedha nyingi kuliko Leipzig, na watu wengi zaidi. Kilichokosekana ni okestra iliyozoea kufanya mazoezi ya kazi ngumu chini ya kiongozi mmoja, na wasikilizaji waliozoea kumwamini. Vitu hivyo viwili havipatikani kwa kukodi ukumbi usiku mmoja. Hujengeka msimu baada ya msimu, mahali pamoja.

Wala haimaanishi kwamba wasikilizaji hao walikuwa wapole. Januari 1859 Johannes Brahms, kijana wa miaka 25, alipiga Gewandhaus konseto yake ya kwanza ya piano na kuzomewa. Miaka 20 baadaye, tarehe 1 Januari 1879, konseto yake ya fidla ilipigwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi uleule, Joseph Joachim akiwa na fidla na Brahms mwenyewe akiongoza. Watu wa mji ule walikuwa na kumbukumbu ya walichokikataa, na walikuwa na mahali pa kukirudia. Katika tamasha la siku tatu linalobadilisha uwanja kila mwaka, aliyezomewa hana pa kurudi.

Chuo cha muziki kilizaliwa katika ua wa Gewandhaus hiyohiyo. Mwanasheria mmoja wa mji, Heinrich Blümner, alikuwa ameacha wasia wa thaler 20,000 kwa ajili ya sanaa, na fedha hizo zilikuwa mikononi mwa mfalme wa Saxony. Mendelssohn alimshawishi mfalme zitumike kuanzisha shule badala ya kutawanywa. Shule ilifunguliwa Aprili 1843, walimu wake wakiwa wapigaji na watunzi waliokuwa wakipanda jukwaa la Gewandhaus, akiwemo Schumann na Ferdinand David, kiongozi wa fidla wa okestra. Edvard Grieg alitoka Norway kuja kusoma hapo, Arthur Sullivan na Ethel Smyth wakatoka Uingereza, Leoš Janáček akatoka Moravia. Baadhi yao waliilalamikia shule hiyo maisha yao yote kwa ukavu wa mafunzo yake, na pengine walikuwa na haki. Lakini kila jioni ya onyesho walikuwa na pa kwenda kusikia kile walichofundishwa asubuhi, kikipigwa na mwalimu yuleyule. Mwanafunzi wa muziki asiye na ukumbi karibu husoma noti kama asomavyo ramani ya nchi ambayo hajafika.

Shutuma ya redio na simu ndiyo inayoonekana ya kisasa zaidi, na ndiyo yenye hoja dhaifu zaidi. Husemwa kwamba kurekodi kumefanya ukumbi kuwa wa ziada: aliyeko kijijini anaweza kusikia simfoni ileile, tena bure, tena akiwa amelala. Ni kweli, na ni neema. Ila kinachosahauliwa ni kwamba sehemu kubwa ya rekodi hizo zimefanywa ndani ya kumbi hizohizo, na okestra zilizojifunza kupiga ndani yake. Fidla moja ina sauti ndogo. Ikipigwa uwanjani hufifia haraka. Ndani ya ukumbi mzuri, sauti inayotoka moja kwa moja kwenye chombo hufuatwa papo hapo na ileile iliyogonga kuta za pembeni ikarudi, na sikio huzipokea zote mbili kama sauti moja nzito. Kinachobaki hewani baada ya mpigaji kuinua upinde huendelea kwa karibu sekunde mbili kikipungua polepole. Kikidumu zaidi ya hapo sana, noti hukanyagana. Kikikatika mapema, muziki husikika mkavu kama hotuba.

Sayansi ya jambo hilo ilianza kwa majaribio yasiyo na makuu. Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, aliombwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno ya mwalimu hayakueleweka. Alifanya kazi usiku, wakati wa utulivu, akiwa na bomba la kinanda, saa ya kupimia sekunde, na mito ya viti iliyobebwa kutoka ukumbi wa jirani. Alipiga bomba, akasimamisha, akahesabu muda wa sauti kupotea. Akaongeza mito, akahesabu tena. Alitambua kwamba muda huo hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu vinavyomeza sauti, na kwamba mwili wa mtu aliyevaa nguo ni mmoja wa wamezaji wakubwa. Wakati huohuo mji wa Boston ulikuwa unataka jumba jipya, na wajenzi walichukua kama kielelezo Gewandhaus ya pili, iliyofunguliwa Desemba 1884 baada ya ile ya darini kuelemewa na watu. Boston walitaka viti vingi zaidi. Sabine aliwaonyesha kwamba kuikuza Gewandhaus kila upande kwa kiwango kilekile kungeharibu sauti, wakabadili vipimo. Jumba la Boston lilifunguliwa Oktoba 1900 na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa yenye sauti bora duniani.

Kwa hiyo ukumbi ni chombo, na okestra hujifunza kukipiga. Wapigaji wa besi hujua ni muda gani noti yao itaning'inia, wa tarumbeta hujua nguvu gani itawafunika wenzao, na wote husikilizana bila kupitia spika. Ndiyo maana okestra inayohamahama hupoteza rangi yake. Rekodi huhifadhi matokeo ya mafunzo hayo, wala haiwezi kuyatoa.

Yabaki matajiri. Hapa wenye shutuma wana mengi ya kusema, na haifai kuyapunguza. Katika karne ya 19 tiketi za msimu za Gewandhaus zilishikwa na familia zilezile miaka nenda miaka rudi, na mgeni alipata nafasi kwa shida. Franz Liszt alipokuja mwaka 1840 na bei kupandishwa, wasikilizaji walionyesha hasira zao ukumbini, na Mendelssohn akalazimika kuandaa jioni maalumu ya kuwapatanisha. (Hata hao waliohesabiwa kuwa matajiri walijua kulalamikia bei.) Wafanyakazi wa viwanda waliokuwa wakifurika Leipzig baada ya 1870 hawakuwa na nafasi humo.

Lakini kutoka kwenye ukweli huo wenye shutuma hurukia hitimisho kwamba muziki wenyewe haukuwahusu wafanyakazi. Wafanyakazi wa Leipzig walisema vingine. Taasisi yao ya elimu, iliyokuwa chini ya harakati za vyama vya wafanyakazi, ilidai na kupata maonyesho ya okestra ya Gewandhaus kwa ajili ya wanachama wake. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1918, wiki chache baada ya vita kwisha na mfalme kuondoka, taasisi hiyo iliandaa Simfoni ya Tisa ya Beethoven katika ukumbi mkubwa wa Krystallpalast, Arthur Nikisch, kiongozi wa Gewandhaus, akiwa mbele ya okestra. Onyesho lilianza saa tano usiku ili kwaya ya mwisho iingie pamoja na mwaka mpya. Desturi ya kupiga simfoni hiyo mwisho wa mwaka, ambayo leo inafuatwa katika miji mingi na kuhesabiwa mila ya waungwana, ilianzishwa na wafanyakazi wa Leipzig. Waliona kwamba kilichofungiwa ni mlango, wakaudai mlango. Wale wanaowasemea maskini leo kwa kutaka jumba lifungwe wanawanyima kile ambacho maskini wa 1918 walikipigania.

Kuna dai moja la watetezi ambalo nalo linastahili kukataliwa, nalo ni kwamba muziki mkubwa huwafanya watu kuwa wema. Gewandhaus inalikanusha kabisa. Machi 1933 Bruno Walter, kiongozi wa okestra tangu 1929 na Myahudi, alizuiwa kuingia kuongoza onyesho lake. Akaondoka nchini. Nafasi yake ilijazwa, ratiba ikaendelea, viti vikaendelea kujaa. Novemba 1936 sanamu ya Mendelssohn iliyosimama mbele ya jumba iling'olewa wakati meya Carl Goerdeler akiwa safarini. Goerdeler alijiuzulu kwa sababu hiyo, na miaka minane baadaye alikamatwa kwa kushiriki njama dhidi ya Hitler, akanyongwa Februari 1945. Hao wengine waliokuwa na tiketi za msimu walipita mahali palipokuwa na sanamu wakaenda kuketi. Jumba la muziki halina uwezo wa kuzuia ukatili, na anayelitetea kwa hoja hiyo analitwisha mzigo usio wake. Vivyo hivyo shule, mahakama na makanisa ya Leipzig hayakuuzuia, na hakuna anayependekeza yafungwe kwa sababu hiyo.

Mabomu ya Desemba 1943 na ya Februari 1944 yaliiunguza Gewandhaus ya pili. Magofu yalisimama hadi 1968, yakabomolewa mwaka uleule ambao serikali ya kikomunisti ililipua kanisa la chuo kikuu katika uwanja mkuu wa mji. Okestra ilipiga katika jumba la sinema, kisha kwa zaidi ya miaka 30 katika ukumbi wa mikutano ulio kando ya bustani ya wanyama. Kipindi hicho hutajwa kama ushahidi kwamba jengo si lazima: okestra si iliishi? Iliishi, kwa kuwa mji uliendelea kuwalipa wanamuziki wake mishahara, na kwa kuwa kazi yake haikuwa ya ukumbi mmoja. Hadi leo wanamuziki walewale, zaidi ya 180, hupiga katika maonyesho ya simfoni, katika jumba la opera lililo ng'ambo ya uwanja, na kanisani kwa Mtakatifu Thomas wakiisindikiza kwaya ya wavulana katika kantata za Bach. Kuishi bila nyumba kwa miongo mitatu ni uvumilivu wa waliokosa, na Kurt Masur, aliyechukua uongozi mwaka 1970, hakuacha kuudai mji na serikali mpaka jiwe la msingi likawekwa mwaka 1977.

Gewandhaus ya tatu ilifunguliwa Oktoba 1981 ikiwa na viti 1,900 vinavyolizunguka jukwaa pande zote. Katika sebule yake Sighard Gille alichora mchoro wa dari wa zaidi ya mita za mraba 700, ambao usiku huonekana kutoka uwanjani kupitia kioo. Serikali ya chama kimoja iliujenga ukumbi huo kwa fahari yake, hilo halina ubishi. Miaka minane baadaye ukumbi huohuo uliitumikia hadhira ambayo serikali hiyo haikuikusudia.

Juni 1989 polisi wa Leipzig waliwakamata wapiga muziki wa mitaani waliokusanyika bila kibali. Agosti, Masur aliwaalika wanamuziki hao na maofisa wa mji Gewandhaus wazungumze uso kwa uso. Ilikuwa mara ya nadra katika nchi hiyo kwa watu wa pande hizo mbili kuketi pamoja hadharani. Kisha ikaja Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba. Maandamano ya kila Jumatatu yalikuwa yamekua, askari walikuwa wamejazwa mjini, na watu waliogopa umwagaji damu kama ule wa Beijing wa miezi minne iliyotangulia. Alasiri hiyo watu sita, yaani Masur, mwanatheolojia mmoja, msanii mmoja wa vichekesho na makatibu watatu wa chama tawala, waliandika wito wa utulivu na mazungumzo. Masur aliusoma, na sauti yake ikasikika kwenye vipaza sauti vya mji. Watu wapatao 70,000 waliandamana. Risasi haikupigwa. Jioni hiyo okestra ilipiga onyesho lake kama ilivyopangwa. Kuanzia tarehe 22 Oktoba milango ya Gewandhaus ilifunguliwa Jumapili kwa mijadala ya wazi, raia wakiwauliza viongozi maswali ambayo wiki chache kabla yangewapeleka jela.

Itasemwa kwamba mjadala ungeweza kufanyika popote. Makanisa ya Leipzig ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa zaidi, na kanisa la Mtakatifu Nikolai linastahili sifa hiyo kuliko ukumbi wowote. Hata hivyo makatibu wa chama wasingeketi kanisani, wala waandamanaji wasingekwenda ofisi za chama. Jumba la muziki lilikuwa mahali ambapo pande zote zilizoea kuingia bila kuulizwa itikadi, na kiongozi wake alikuwa na sauti iliyotambulika na wote kwa kuwa alikuwa ametumikia mji huo kwa miaka 19. Hadhi hiyo isingeweza kutengenezwa mwezi ule wa Oktoba.

Kuhusu fedha, wenye shutuma wana karata moja kubwa, nayo ni Hamburg. Elbphilharmonie, iliyojengwa juu ya bohari kuukuu lililohifadhi kakao, chai na tumbaku bandarini, ilitarajiwa kuugharimu mji euro milioni 77. Ilipofunguliwa Januari 2017, miaka saba baada ya wakati uliopangwa, mji ulikuwa umelipa milioni 789. Kamati ya uchunguzi ya bunge la mji ilikuta kwamba kazi ilitolewa kabla ya michoro kukamilika. Hiyo ni aibu, na wakazi wa Hamburg walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini ni aibu ya mikataba. Barabara na viwanja vya ndege hujengwa kwa mikataba mibovu kama hiyo, na Berlin ilikuwa ikiteseka na uwanja wake wa ndege miaka ileile, wala hakuna aliyehitimisha kwamba miji haihitaji usafiri. Gharama ya kweli ya jumba la muziki haiko katika paa. Iko katika mishahara ya kila mwezi ya watu wanaofanya mazoezi, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wanasiasa hupenda kuikata kwa kuwa haina utepe wa kukatwa mbele ya kamera.

Manispaa ya Leipzig hulipa sehemu hiyo. Kwa malipo hayo mji una okestra ya simfoni, okestra ya opera na ya kanisa kwa pamoja, una kwaya ya watoto inayolelewa na Gewandhaus, na wakati wa kiangazi okestra hutoka hadi kwenye bustani ya Rosental kupigia maelfu ya watu waliokaa majanini bila kiingilio. Tangu 2018, Andris Nelsons alipoanza kuongoza okestra za Leipzig na Boston kwa pamoja, mbili hizo zimekuwa zikiagiza kazi mpya kutoka kwa watunzi walio hai. Anayetaka fedha hizo zipelekwe kwingine ana haki ya kudai hivyo, mradi aseme pia ni nani atakayepiga kantata Jumamosi alasiri katika kanisa la Mtakatifu Thomas, nani atakayekaa katika shimo la okestra opera itakapofunguliwa jioni, na watoto wa kwaya watakwenda wapi. Mpaka sasa wenye shutuma hawajajibu hata swali moja kati ya hayo.